Chanjo ya Malaria: Kwa Nini Mtoto Anahitaji Dozi Zote Nne

Wazazi wengi humpeleka mtoto kliniki bila kukosa hadi chanjo za wiki ya 14. Baada ya hapo, safari za kliniki hupungua. Katika kaunti za ukanda wa Ziwa, huo ndio wakati ambapo chanjo ya malaria inakaribia kuanza.

Chanjo hii, iitwayo RTS,S, ilianza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019, katika Kaunti ya Homa Bay. Kabla ya hapo ilifanyiwa majaribio katika nchi 7 za Afrika. Hapa Kenya, watoto wa Kilifi, Siaya na Kombewa, Kisumu, walishiriki. Mnamo Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria nyingi.

Inafanyaje kazi?

Mbu mwenye vimelea anapomuuma mtoto, vimelea hivyo hukimbilia kwenye ini. Huko huzaana kwa takriban wiki moja, kisha huingia kwenye damu na mtoto huanza kuugua. Chanjo huufundisha mwili kuvitambua vimelea na kuvishambulia kabla havijajificha kwenye ini. Kwa hivyo chanjo ni kinga, si dawa ya mtoto ambaye tayari anaugua.

Kwa nini dozi nne?

Dozi tatu za kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 9. Kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyopita, na dozi ya nne, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 24, huiongezea nguvu. Ziara ya miezi 7 husahaulika kwa urahisi. Ile ya miezi 9 huenda pamoja na chanjo ya surua na rubela. Ikiwa mtoto amekosa dozi, mpeleke upesi, ataendelea alipoachia.

Je, inasaidia kweli?

Katika majaribio, dozi nne zilizuia takriban visa 4 kati ya 10 vya malaria. Chanjo ilipotolewa Kenya, Ghana na Malawi, vifo vya watoto wa umri unaolengwa vilipungua kwa asilimia 13. Hata hivyo, visa vingine hupenya. Mtoto aliyechanjwa bado anapaswa kulala ndani ya neti yenye dawa kila usiku, na akipata homa apimwe malaria mara moja.

Baada ya sindano, mtoto anaweza kupata joto mwilini au uvimbe mdogo palipodungwa. Hali hiyo huisha baada ya muda mfupi. Akipata degedege au joto lisiposhuka, mrudishe kituoni bila kuchelewa.

Chanjo hii hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma kwenye kaunti zilizo katika mpango huu. Fungua kijitabu cha mama na mtoto leo, uangalie tarehe inayofuata. Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako.