Usitoboe mlango kabla ya kujua ukuta unabeba nini

WENYE nyumba zilizo kando ya barabara mjini Kakamega na viungani mwake hupenda kugeuza chumba cha mbele kuwa duka. Kazi huanza kwa kutoboa mlango mpya ukutani, na mara nyingi fundi hutakiwa amalize siku hiyo hiyo. Haraka ya aina hiyo huzaa nyufa, na ukuta waweza hata kumporomokea fundi mwenyewe.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba fremu ya mbao itashikilia matofali yaliyo juu ya mlango. Kazi ya fremu ni kubeba mlango tu. Mbao hupinda, huoza kwa unyevu na huliwa na mchwa. Kinachopaswa kubeba mzigo ni linta, yaani boriti ya zege yenye vyuma ndani, ambayo hupokea uzito wa juu na kuupeleka kwenye ukuta uliobaki kila upande.

Kwanza, chunguza iwapo ukuta huo unabeba kitu. Panda darini uone mbao za paa zimelalia wapi. Ikiwa nyumba ni ya ghorofa, tazama kama sakafu ya juu au ukuta mwingine umeukalia. Kuugonga na kusikiliza mlio hakutoshi. Nyumba za udongo ni tofauti: paa hubebwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, nao udongo hujaza nafasi tu. Humo, mlango huwekwa baina ya nguzo. Nguzo yenyewe haikatwi.

Pili, egemeza kabla ya kukata. Matundu madogo hutobolewa juu ya mahali linta itakapokaa, boriti imara hupenyezwa humo, na kila ncha husimamishiwa nguzo, ndani na nje. Chini ya nguzo hizo hutandikwa mbao pana, kwani udongo uliolowa hudidimia. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na matofali yaliyounganishwa kwa udongo badala ya saruji hulegea yanaponyonya maji. Kwa hivyo, kazi hii hufaa zaidi kati ya Desemba na Februari, kabla ya mvua ya masika.

Tatu, kata nafasi ya linta peke yake na kuiweka. Mlango wenye upana wa milimita 900 huhitaji linta isiyopungua milimita 1,200, ili ilalie ukuta angalau milimita 150 kila upande. Vyuma vikuu hukaa sehemu ya chini, kwa sababu boriti inapolemewa huvutika upande huo, na zege pekee halistahimili kuvutwa. Linta iliyomwagwa papo hapo hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa; nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Pengo kati ya linta na matofali ya juu hushindiliwa saruji.

Linta ikishakomaa, ndipo matofali ya chini yake hutolewa, kuanzia juu kwenda chini. Nguzo za kuegemeza huondolewa mwisho. Mlango pia usisogezwe karibu na pembe ya nyumba, kwani kipande chembamba cha ukuta kitakachobaki ndicho kitakachobeba mzigo wote wa upande huo.

Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, ruhusa ya ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Nyumba ikiwa ya ghorofa, mhandisi ndiye wa kuamua ukubwa wa linta na idadi ya vyuma.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa unaopanda kutoka pembe ya mlango mpya hautibiwi kwa kupakwa saruji. Ni dalili kwamba mzigo wa juu umekosa wa kuubeba, na nyumba yapasa kuegemezwa mara moja.