Kwa nini hali ya mgonjwa haifai kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wodi?

Saa nane usiku, mama aliyetoka kujifungua anavuja damu nyingi. Muuguzi wa zamu anahitaji watu watatu kwa pamoja: daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi na mhudumu wa benki ya damu. Hana muda wa kupiga namba moja baada ya nyingine. Anafungua kundi la WhatsApp la wodi, anaandika jina la mgonjwa, umri, kundi la damu na majibu ya vipimo, kisha anatuma.

Ni vigumu kumlaumu, maana simu yake ndiyo chombo cha haraka alichonacho. Lakini ujumbe huo umewafikia pia walio likizo na mwenzao aliyehamia kituo kingine bila kuondolewa kundini. Na daktari aliyehitajika huenda amelinyamazisha kundi hilo kwa sababu ya salamu za asubuhi na michango ya harusi. Siri ya mgonjwa imetoka, na msaada haujafika.

WhatsApp si ina ulinzi?

Inao. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. SMS ya kawaida haina ulinzi huo. Hupita kwenye mitambo ya kampuni ya simu ikiwa inasomeka. Desemba 2024, baada ya wadukuzi kuingia katika mitandao ya kampuni kubwa za simu za Marekani, taasisi ya usalama wa mtandao ya nchi hiyo iliwashauri maafisa walio katika hatari ya kulengwa waachane na SMS na kutumia programu zinazosimba ujumbe.

Tatizo la hospitali, hata hivyo, mara nyingi haliko njiani. Liko kwenye simu yenyewe: picha ya kidonda iliyojihifadhi pamoja na picha za sherehe, simu isiyo na neno la siri, simu iliyoibwa kwenye daladala.

Uskochi ilipata funzo hilo. Kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, wafanyakazi 26 wa bodi ya afya ya NHS Lanarkshire walitumia kundi la WhatsApp ambamo taarifa za wagonjwa ziliwekwa zaidi ya mara 500, yakiwemo majina, namba za simu na anwani. Mtu asiye mfanyakazi aliongezwa kundini kimakosa. Mwaka 2023 mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliikaripia rasmi bodi hiyo. Programu hiyo iliruhusiwa mwanzoni mwa janga la Uviko kwa mawasiliano ya kawaida tu, na watu wakajiongeza wenyewe kidogo kidogo, kama inavyotokea kwingi.

Peja nazo? Vifaa hivyo vidogo vya kiunoni vina sifa yake: betri hudumu, na mawimbi hupenya hadi vyumba vya chini vyenye kuta nene ambako simu hukosa mtandao. Lakini nyingi hurusha ujumbe hewani bila kuusimba, na mwenye kipokea mawimbi cha bei nafuu anaweza kuunasa. (Sisi wa redio tunajua kwamba hewani hakuna mlango.) Februari 2019 serikali ya Uingereza iliagiza hospitali zake, zilizokuwa na peja zipatazo 130,000, ziachane nazo kufikia mwisho wa 2021, isipokuwa kwa dharura.

Mifumo salama inafanyaje?

Programu za ujumbe zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali hulinda siri kwa njia zinazoeleweka: kila mtu ana akaunti yake, anayeacha kazi hufungiwa siku hiyohiyo, picha haziingii kwenye albamu ya simu, na simu ikipotea taarifa hufutwa kwa mbali. Lakini kwa maoni yetu faida kubwa iko kwenye uhakika. Tahadhari huenda kwa aliye zamu, si kwa kundi zima. Asipoithibitisha ndani ya dakika zilizopangwa, mfumo wenyewe humtafuta wa pili, kisha msimamizi. Na kumbukumbu ya nani aliitwa saa ngapi hubaki, jambo linalosaidia sana pale kifo cha mzazi kinapochunguzwa. Ni mifumo ya aina hii ambayo Marekani iliikubali Februari 2024, iliporuhusu maagizo ya matibabu yatumwe kwa ujumbe, baada ya miaka ya kukataza.

Kwetu, sheria zipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nchini Kenya, taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72.

Kituo kisicho na fedha za mfumo hakijakwama. Mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa Tanzania mwaka 2009 hadi 2010 katika vituo 129, ulitumia SMS za kawaida kuripoti akiba ya dawa za malaria kila wiki. Ulifaa kwa sababu ulibeba hesabu za dawa, si majina ya watu. Tahadhari ya dharura inaweza kufuata njia hiyohiyo: "Dharura, wodi ya wazazi, kitanda 4, njoo sasa." Jina, vipimo na hali ya maambukizi hubaki kwenye jalada, na anayeitwa huvikuta afikapo. Asipojibu, apigiwe simu.

Suala ambalo vituo vingi hukwepa kulijadili ni nani anunue simu hiyo na vifurushi vyake. Muuguzi anapotumia simu na bando lake mwenyewe kumwita daktari, ni vigumu kwa mwajiri kumpangia nini kikae ndani yake na nini kifutwe.