Nyama Choma kwa Jirani: Tazama Mizani Kabla ya Moto

Mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba ikiisha kulipwa na karo kuwekwa kando, wengi wetu hubakiwa na pesa za kilo moja ya nyama na chupa ya soda. Kilo hiyo tumeitolea jasho kiwandani au shambani. Basi si jambo dogo mfanyakazi anapoipoteza mikononi mwa mjanja, hasa akiwa safarini, mahali asipojulikana.

Hayo yametupata sisi wenyewe. Tulivuka mpaka kwenda kuwaamkia wenzetu wa chama, tukashuka katika stendi ya mji ambao hatutautaja, njaa imetushika. Tukavutwa na hoteli yenye taa za rangi na muziki mkubwa. Tulichagua paja la mbuzi, zuri, lenye mafuta ya kiasi, kilo mbili, kisha tukaketi ndani mbali na jiko. Baada ya saa moja na nusu tukaletewa sinia ya shingo na mbavu na mifupa mitupu. Tulipouliza tuliambiwa, "Nyama ikiiva hubadilika, mzee." Tukala, tukalipa, tukanyamaza. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya stendi, makuli na madereva wa malori walikuwa wakila nyama njema juu ya ubao, kwa bei ya chini kuliko yetu.

Tangu siku ile tumeshika desturi ya kuuliza na kutazama kwanza. Twawapa wasomaji wetu yale tuliyojifunza, maana wengi husafiri kwenda kuona jamaa, kuzika, au kuhudhuria semina za vyama.

KANUNI YA NYUMBANI

Hapa Kenya desturi twaijua. Nyama hutundikwa dirishani, mteja huchagua, hupimwa mbichi, kisha huenda motoni. Ndivyo ilivyo Burma na Kenyatta Market mjini Nairobi, na vilevile Kiamaiko, ambako mbuzi huchinjwa hapo hapo mtaani. Mshale wa mizani uwe kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa. Mwombe muuzaji atie alama kwa kisu kwenye kipande chako, nawe uketi mahali unapoliona jiko. Ujue pia kwamba nyama hupungua motoni: kilo moja mbichi yaweza kupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake. Kupungua huko si wizi. Lakini paja haligeuki kuwa shingo.

Tena, mbuzi wa kuchoma huhitaji kama saa moja. Anayekuletea sinia baada ya dakika kumi amekupashia moto nyama iliyochomwa zamani.

TANZANIA

Mpaka wetu na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa mwaka 1983. Leo mabasi ya Nairobi na Arusha hupita Namanga kila siku. Ukifika Arusha, ukiuliza nyama choma wengi watakuelekeza Kwa Mrombo. Dar es Salaam, wenye kujua mbuzi hutaja Vingunguti, penye machinjio, karibu na viwanda vya Barabara ya Nyerere. Dodoma wana mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, ambapo ng'ombe na mbuzi huuzwa huku nyama ikichomwa pembeni.

Hilo lina maana yake. Palipo na mnada au machinjio, nyama haijasafiri mbali wala haijalala. Kwa hiyo ukiwa katika mji usioujua, usiulize hoteli nzuri iko wapi. Uliza mnada ni siku gani, na machinjio yako upande upi.

Lugha nayo ina mitego. Kule mishikaki huuzwa kwa kijiti, hivyo uulize bei ya kijiti kimoja kabla hujala kumi. Ndafu ni mbuzi mzima wa kuchoma, aonekanaye zaidi harusini. Kitimoto ni nyama ya nguruwe, na ndugu zetu Waislamu wakumbuke jina hilo, kwani mahali pengine ubao wa nje hausemi zaidi ya hapo. Nyama huja na ndizi za kuchoma au ugali, pilipili na limau. Asubuhi na mapema, mahali pale pale huwa na supu ya moto na chapati. Tumeona kwamba penye supu nzuri alfajiri, aghalabu nyama ya jioni huwa nzuri pia, kwa sababu mwenye nyumba hununua nyama mpya kila siku.

UGANDA NA RWANDA

Kwa kwenda Uganda, kitambulisho cha taifa kimekubaliwa mpakani tangu mwaka 2014. Wenzetu huko husema muchomo. Ukitoka Jinja kuelekea Kampala utapita Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, kisha Lugazi yenye miwa na kiwanda cha sukari, halafu Namawojjolo karibu na Mukono. Najjembe na Namawojjolo basi likisimama tu, wauzaji wenye makoti ya namba hulikimbilia wakiinua vijiti vya kuku, maini na nyama, pamoja na gonja, ile ndizi tamu ya kuchoma. Aendaye njia ya Masaka atakuta soko la namna hiyo Lukaya.

Hapo dirishani hakuna mizani, wala hakuna muda. Mpatane bei kabla kijiti hakijaingia ndani ya basi. Uwe na pesa kamili mkononi, kwa maana basi halingoji chenji. Ishike kichwani namba ya koti la aliyekuuzia. Namba hiyo ni ulinzi wako wewe, na ni ulinzi wa muuzaji mwaminifu pia. Dereva akitoa nafasi, shuka uende mpaka jikoni ukachukue kilichotoka motoni sasa hivi, usichukue kilichozungushwa juani tangu asubuhi.

Rwanda mishikaki ya mbuzi huitwa kwa jina la Kifaransa, burusheti, na huliwa na viazi au ndizi. Katika mtaa wa Nyamirambo, mjini Kigali, Kiswahili chako kitakufaa sana. Ukitajiwa zingalo, ujue ni utumbo wa mbuzi. Wapo wanaoupenda kuliko mnofu, lakini ni vizuri kujua kabla ya kuagiza.

AFYA KWANZA

Bei ya chini mno ni jambo la kutilia shaka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za kuzuka kwa kimeta katika nchi tano: Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Nchini Uganda watu walikufa katika wilaya ya Kyotera. Ugonjwa huu huja kwa kugusa au kula mnyama aliyekufa nao, na vijidudu vyake hustahimili joto kali, hivyo mtu asijidanganye kwamba moto utasafisha kila kitu. Uutafute muhuri wa mkaguzi juu ya nyama ingali inaning'inia. Kama haupo, uliza; na kama jibu ni kicheko, ondoka.

Wala duka la kioo na baridi si dhamana. Mwezi Julai 2019 televisheni moja ya hapa Kenya ilionyesha jinsi nyama ya baadhi ya maduka makubwa ilivyotiwa dawa ili ionekane nyekundu siku nyingi. Nyama inayotundikwa asubuhi na kwisha jioni haihitaji dawa.

MCHOMAJI NI MWENZETU

Tumesema mengi juu ya mnunuzi. Lakini tuliporudi safari ya pili katika stendi ile, tulikwenda nyuma, kwa makuli. Kijana aliyekuwa jikoni alitugeuzia nyama kwa mikono yenye makovu ya moto, macho mekundu kwa moshi. Tulimwuliza analipwaje. Alisema hana mshahara wa mwezi. Hupewa cha siku, na siku isiyo na wateja huenda nyumbani mikono mitupu. Barua ya kazi hakuwahi kuiona.

Watu kama yeye wako kila nchi tuliyoitaja. Vyama vipo: Kenya tuna KUDHEIHA, na Tanzania kuna CHODAWU, ambavyo huandikisha wafanyakazi wa mahoteli na wa majumbani. Lakini wachomaji wa barabarani ni wengi ambao hawajafikiwa na chama chochote. Ukisafiri, ndugu, baada ya kuitazama mizani, zungumza pia na aliye motoni. Muulize kama anakijua chama, na kama hakijui, mweleze chako kilivyoanza. Kijana yule alituuliza ada ni kiasi gani, na ofisi iko wapi. Tulimwandikia kwenye karatasi ya sigara, akaitia mfukoni, akarudi kugeuza nyama ya watu.