Excel Haijagoma, Inangoja

Programu ya ofisini iliyoandikwa kwa C#, inayoshinda kazini kutwa nzima, imefungua Excel bila kuonyesha dirisha, ikajaza ripoti ya mauzo, ikahifadhi faili, kisha ikatoa amri ya Quit. Ukiangalia Task Manager, EXCEL.EXE bado ipo. Ripoti ya pili ikipita, zimekuwa mbili. Wengi huilaumu Excel kwa ukaidi, ilhali inatimiza mkataba. Chini ya COM, utaratibu uliotolewa na Microsoft mwaka 1993, kila kitu kinachoazimwa huhesabu walioking'ang'ania, na Excel haiondoki mpaka hesabu ifike sifuri.

Msimbo wa C# hauhesabu hivyo. Kwake, vitu vilivyoachwa huzolewa na mkusanya taka, ambaye huja kumbukumbu inapohitajika, si kazi inapokwisha. Mbinu zote mbili zilichapishwa mwaka 1960: John McCarthy alieleza kukusanya taka, George Collins akaeleza kuhesabu marejeo. Zinapokutana, mmoja anangoja kurudishiwa vyake na mwingine hana haraka. Isitoshe, mikopo mingine haionekani: mstari wa excel.Workbooks.Open huazima kitabu kilichofunguliwa na pia Workbooks yenyewe, ambayo haikupewa jina lolote la kuikumbuka.

Kwa nini basi tusiiue Excel tu? Kwa sababu taskkill ikipewa jina EXCEL.EXE hufagia zote, hata ile ambayo mhasibu hajahifadhi hesabu zake. Anayelazimika kuua atumie namba ya mchakato husika. Wapo wasemao kumbukumbu siku hizi ni tele, ziachwe. Lakini msimbo ukikatika kabla ya kufunga kitabu, Excel iliyobaki huendelea kulishikilia faili, na anayelihitaji huambiwa asome tu, asiandike.

Dawa ni utaratibu. Funga kitabu ukieleza kama mabadiliko yahifadhiwe, la sivyo Excel iliyofichwa huenda ikauliza swali lisiloonekana na mtu. Toa Quit ndani ya finally, ili hitilafu isiiruke. Kisha, nje ya kazi ndogo iliyoshika vitu hivyo, mwite mkusanya taka kwa GC.Collect na GC.WaitForPendingFinalizers. Wajuzi hukataza kumwita mkusanya taka kwa nguvu, na kwa kawaida wana haki, maana yeye hujua wakati wake. Asichojua ni kwamba nje ya programu yake kuna Excel nzima inayosubiri.