Kufuli la Daftari Zetu

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanachama ajua kwamba karafuu zikishakauka na kutiwa magunia hazilali nje. Huwekwa ghalani na mlango ukatiwa kufuli. Basi twauliza: na daftari je? Uzito wa karafuu za kila mwanachama, deni lake na nambari ya akaunti yake ya benki, vyote siku hizi huandikwa ndani ya kompyuta. Tuseme kompyuta hiyo imeibiwa botini baina ya Pemba na Unguja. Mwizi hana haja ya neno la siri la karani. Ataifungua kwa bisibisi, aitoe diski, aitie katika kompyuta nyingine, na asome kila kitu.

Dawa mojawapo ni diski inayojifumba yenyewe. Kila neno liingialo hugeuzwa kuwa fumbo, na litokapo hufumbuliwa. Fumbo litumikalo aghalabu huitwa AES. Lilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani ikalikubali mwaka 2001.

Yafaa tufahamu kwamba funguo ni mbili. Wa kwanza umo ndani ya diski wala hautoki. Huo ndio ufumbao. Wa pili ni neno la siri, ambalo huufungulia ule wa kwanza. Diski isipowekewa neno la siri ni kama ghala ambalo ufunguo wake umeachwa kwenye kufuli. Tena iko faida nyingine: tukitaka kuuza kompyuta kuukuu, diski huamriwa ibadili ufunguo wa ndani, na mara moja yote yaliyoandikwa hayasomeki tena.

Lakini hatupendi kuwadanganya wanachama. Kufuli hili hushika umeme ukizimwa tu. Kompyuta iliyolazwa bila kuzimwa huenda ikawa bado wazi. Halizuii virusi, wala mwizi aingiaye kwa njia ya intaneti wakati karani yumo kazini. Na neno la siri likisahauliwa, hesabu zimekwenda. Diski nyingi huwa na nambari ndefu kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, nayo huirudisha diski kazini, lakini hufuta kila kilichomo.

Tena mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya diski hizi zaweza kufunguliwa bila neno la siri, kwa kuwa halikufungamanishwa barabara na ufunguo wa ndani. Mwaka uliofuata Microsoft iligeuza programu yake ya BitLocker ili ifumbe yenyewe, isitegemee diski peke yake. Nasi twashauri vivyo hivyo: tusitegemee kufuli moja.

Basi katika mkutano ujao, wanachama wamwulize katibu maswali matatu. Diski yetu imewekewa neno la siri? Neno hilo limeandikwa na kutiwa katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la chuma? Na nakala ya pili ya hesabu, nayo ikiwa imefumbwa, imewekwa nyumba nyingine? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, kazi hiyo ianze kabla ya msimu wa kuchuma, maana jasho lililomo katika daftari hizo ni letu sote.