Juu ya Mpigakura Mwenye Tashwishi

Katika soko la Busia, upande wa Kenya, yuko mama mmoja muuza omena ambaye kila alfajiri, kabla ya kukubali kupimiwa mali na wachuuzi waitoao Port Victoria, hulitwaa kopo la gorogoro mikononi mwake, akaligeuza juu chini, akapitisha kidole gumba katika kitako chake ili ajue kama kimegongwa kikainuka kwa ndani, maana kopo la namna hiyo hujaa upesi machoni na kupunguka mfukoni. Halifanyi jambo hilo kwa ukali wala kwa dharau; mchuuzi husimama akingoja, naye hukagua, kisha hulirudisha kopo na biashara ikaendelea kwa salama. Mwezi wa Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu, nilipomwuliza ni nani kati ya wale waliokuwa wakiutaka uwakilishi wa wadi atakayempa kura yake, alinijibu bila kuinua macho: "Mwalimu, bado sijaligeuza kopo."

Nimefundisha elimu ya uraia pande zote mbili za mpaka huu wa Kenya na Uganda kwa miaka mingi, na sijapata kusikia tarifu iliyo bora kuliko hiyo ya hali ya mpigakura ambaye hajakata shauri. Wapiga debe wa vyama humwona mtu huyo kuwa mjinga asiyefuata mambo, au mvivu, au mwenye hila anayengoja mkono wa mwisho utakaompa fedha nyingi zaidi. Wako wa namna hiyo, sikatai. Lakini walio wengi katika hao niliokaa nao, chini ya miembe ya Tororo na katika vibanda vya chai vya Malaba, ni watu wenye tashwishi kwa sababu wanapima, na kupima kunataka muda, ilhali mgombea anataka jibu leo. Wakati ambao mtu hajaamua ndio wakati pekee ambao mgombea hulazimika kumjibu. Akisha kuamua, na mgombea akajua, maswali yake hayana tena mnunuzi.

Uzito wa watu hawa katika viti vya mashinani ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na sababu yake imo katika sheria yenyewe. Rais wa Kenya hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, fauka ya hayo apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Lakini gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wadi humshinda mwenziwe hata kwa kura moja, na hakuna duru ya pili. Mbunge wa Uganda huchaguliwa vivyo hivyo. Basi wakijitokeza wagombea wanane katika wadi moja, wakagawana kura karibu sawa kwa sawa, yamkini mshindi akaingia barazani ilhali watu zaidi ya wanane kati ya kila kumi hawakumtaka, na wale mia mbili waliokuwa wakisitasita hadi asubuhi ya uchaguzi ndio wanaokuwa wamemwapisha.

Kaunti ya Busia imekwisha kuyaona haya kwa macho yake. Mwaka 2007 Moody Awori, aliyekuwa wakati huo Makamu wa Rais wa Kenya na ambaye alikishika kiti cha ubunge cha Funyula tangu miaka ya 1980, alishindwa nyumbani kwake na Paul Otuoma. Otuoma naye aliutaka ugavana mwaka 2017 akiwa mgombea huru, akashindwa na Sospeter Ojaamong wa chama cha ODM. Akarejea mwaka 2022 kwa tikiti ya ODM, akashinda. Mwaka huo huo wa 2022 viongozi wa vyama walikuwa wakiwasihi watu wapige kura kwa mtindo wa suti, yaani kumchagua kila mtu wa chama kimoja kuanzia rais hadi wadi, karatasi zote sita. Watu wa Busia waliisikia nasaha hiyo wakaifuata kwa sehemu: ugavana wakampa mtu wa ODM, lakini useneta wakampa Okiya Omtatah, aliyetoka katika chama kidogo na aliyejulikana zaidi kwa kesi alizozifungua mahakamani kutetea maslahi ya umma, na katika ubunge, Nambale wakamchagua mgombea huru, na Teso Kusini wakamchagua mgombea wa chama cha UDA. Mtu hawezi kuyatazama matokeo hayo akasema kwamba wapigakura hawa ni kondoo. Waliikata suti vipande, na kila kipande wakakitafutia mtu wa kukivaa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kitako cha kopo. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwa watu wenye elimu, ni kumpima mgombea kwa ukubwa wa ahadi zake bila kukipima kwanza kiti anachokitaka. Mgombea wa uwakilishi wadi husimama juu ya gari akaahidi kwamba ataifanya upya barabara kuu itokayo Kisumu kuja Busia, na watu humshangilia, ilhali barabara hiyo ni ya serikali ya kitaifa na baraza la kaunti halina mamlaka juu yake hata ya kuziba shimo moja. Mgombea ubunge huahidi dawa katika zahanati. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeziweka zahanati na hospitali za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti, pamoja na kilimo, masoko, barabara za kaunti, leseni za biashara na shule za chekechea. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ziko kwa serikali ya kitaifa. Mbunge ana hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ambayo kwayo madarasa hujengwa na wanafunzi hupewa misaada ya karo, ila kazi yake ya asili ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Seneta hulinda mgawo wa kaunti, ambao Katiba imeagiza usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hajengi daraja wala hachimbi kisima, na akiahidi hivyo anauza mali isiyo yake.

Ng'ambo ya mpaka kopo lina umbo jingine. Mbunge wa Tororo au wa Samia-Bugwe hana tena hazina ya eneo bunge. Apewapo kura huenda Kampala kutunga sheria na kupitisha bajeti, na zahanati na barabara za vijijini ziko chini ya wilaya, ambayo baraza lake huongozwa na mwenyekiti aitwaye LC5. Chini yake iko kaunti ndogo, LC3, ambayo kwa sheria hubaki na asilimia 65 ya mapato yanayokusanywa humo. Kiti hicho cha LC3 ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote katika kampeni, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kuulizwa maswali mengi zaidi, kwa kuwa mwenyekiti wake unaweza kumkuta kisimani. Isitoshe, tangu mwaka 2022 Uganda imekuwa ikipeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia katika mpango wa maendeleo ya parokia, na mwenye kutaka uongozi wa mashinani ambaye hawezi kueleza fedha hizo zilimfikia nani katika kijiji chake, huyo kitako chake kimegongwa.

Watu wa mpakani wana neema ambayo watu wa bara hawana. Tangu Waingereza walipoukata mkoa wa mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuutia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, Wasamia na Wateso wamekuwa raia wa dola mbili, na jamaa moja imekuwa na mashahidi pande zote mbili. Aggrey Awori, nduguye Moody, aliwakilisha Samia-Bugwe Kaskazini katika Bunge la Uganda na akagombea urais wa nchi hiyo mwaka 2001. Baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka hapa Busia na Malaba ndizo zilizozaa neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika ya Mashariki nzima. Mwendesha boda boda anayevuka mara nyingi kwa siku anajua bei ya sukari pande zote mbili, anajua ni zahanati ipi ina dawa na ipi ina karatasi ya kuandikia tu, na anajua ni mtaro upi hufurika mvua za Aprili zinapoanza. Mtu huyo anapomsikia mgombea akisema kwamba jambo fulani haliwezekani, humjibu kwamba ng'ambo limewezekana, naye hana haja ya kusoma kitabu. Neema hii tunaitumia kidogo mno.

Tororo, kwa upande wake, ina kadhia iliyoumeza uchaguzi mmoja baada ya mwingine, nayo ni ya kuigawa wilaya kati ya kaunti ya Tororo, wanakokaa Wateso wengi, na Budama ya Magharibi ya Wajopadhola, na ni nani atakayebaki na mji. Busia ya Uganda yenyewe ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, kwa hiyo watu wanajua kwamba jambo hilo huwezekana. Siwalaumu wanaolishikilia, kwani lina historia na uchungu ndani yake. Lakini nimekaa katika mikutano ambamo mgombea aliulizwa juu ya maji, akajibu juu ya mipaka ya wilaya, na hadhara ikapiga makofi, na yule mwanamke aliyeuliza akakaa kitako na dumu lake tupu.

Kupima huku kote kunataka kitu kimoja zaidi, nacho ni faragha. Wakenya wenye umri wangu hawajausahau mlolongo wa mwaka 1988, ambapo katika uteuzi wa chama cha KANU watu walipangwa mistari nyuma ya wagombea au mawakala wao, na mwenye kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda bila kurudi kwenye sanduku. Mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, mchana kweupe, mbele ya waliokuwa wamesimama humo. Utaratibu huo ulifutwa. Ng'ambo, uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji wa Julai 2018, uliofanywa baada ya muda wa karibu miaka 17 bila uchaguzi, ulikuwa wa kupanga mistari, na chama cha NRM kimeutumia mtindo huo katika kura zake za uteuzi. Watetezi wake husema ni rahisi, hauna gharama, na kila mtu huhesabu kwa macho yake. Dada yake yule mama muuza omena, aliyeolewa Busia ya Uganda na anayeuza samaki wale wale ambao huko huitwa mukene, alinieleza jinsi siku hiyo alivyosimama nyuma ya mtu ambaye moyo wake haukumtaka hata kidogo. "Ndiye mwenye nyumba ninayopanga," aliniambia. "Aligeuka akatutazama, mmoja mmoja." Mwenye tashwishi hana mahali katika mstari, akichelewa kuamua huonekana, na akiamua huonekana vile vile.

Kuhusu rushwa nitasema machache, kwa kuwa imesemwa sana. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji sawasawa, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 2 au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Na huko Uganda mbunge aliyetoa hongo aweza kuvuliwa kiti na Mahakama Kuu. Ajuza aliyepokea kipande cha sabuni na chumvi ya kutia mchuzini simhesabu kuwa ameuza chochote. Namhesabu hivyo yule aliyemletea, na ningependa mahakimu wawe na insafu ya kumtafuta huyo kwanza.

Nirudi kwa yule mama. Alikuwa na desturi ya kuzifunga kwa uzi stakabadhi zote za ushuru wa soko alioutoa kila siku, na siku ya Jumamosi wagombea walipopita sokoni alizishika juu na kuwauliza, kila mmoja kwa zamu yake, fedha hizo kaunti huzitumia wapi, na mbona choo cha soko kilikuwa kimefungwa. Wa kwanza alimwahidi lami. Wa pili alimkumbatia, akampa fulana. Wa tatu, kijana mmoja mwenye haya, alikiri kwamba hajui, akaomba apewe juma moja, akaenda kwenye ofisi za kaunti kuomba nakala ya bajeti, jambo ambalo sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari inampa kila raia. Aliporejea nilikuwapo. Mama alimkalisha juu ya kreti tupu, wateja wakiwa wanangoja, akamwambia aisome mistari inayohusu masoko kwa sauti na kwa Kiswahili. Kijana akasoma. Alipofika katikati ya ukurasa mama akamkatiza, akainama, akauweka ule ule kidole gumba juu ya tarakimu moja.

"Hapo, mwanangu," alisema. "Rudia hapo."