Likizo ya Juni: Machimboni au Kwenye Kinanda?

Shule zinapofungwa mwezi Juni, sisi akina mama tunakutana na swali lile lile la kila mwaka: watoto watafanya nini siku zote hizi? Huku Shinyanga na Geita jibu halichelewi kupatikana. Pamba inangoja kuchumwa, ng'ombe wanataka mchungaji, na ng'ambo ya kilima yako maduara ya wachimbaji wadogo. Mtoto akibeba mawe huko, au akisaidia kuchenjua dhahabu, jioni anarudi na shilingi mbili tatu mfukoni.

Mama mmoja mjane, muuza chakula karibu na Nyarugusu, alitusimulia jinsi swali hilo lilivyomjia. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa amezoea kwenda machimboni kila likizo. Fedha alizoleta zilinunua madaftari na sare, na mara nyingine unga. Lakini kijana huyo huyo, kila baada ya ibada, alibaki kanisani akigusagusa kinanda cha kwaya mpaka mlinzi amtoe. Nyumbani alichora vibonyezo vya kinanda kwa mkaa juu ya benchi, akawa anavipiga pasipo sauti. Siku moja mwalimu wa kwaya alimwita mama huyo kando, akasema: "Mama, likizo hii kutakuwa na mafunzo ya kinanda mjini, wiki mbili. Huyu mtoto asikose."

"Nilinyamaza," anasema mama. "Wiki mbili bila fedha yake, na tena nilipie chakula chake huko. Niliona ninaombwa kutoa mara mbili."

Je, wewe ungefanya nini?

Jambo lisilo geni

Wengine hudhani kwamba kukusanya vijana likizoni ili wajifunze muziki asubuhi hadi jioni ni anasa ya Wazungu. Ni kweli huko Marekani kambi ya namna hiyo ilianza mwaka 1928 mahali paitwapo Interlochen, jimbo la Michigan. Lakini hata Usukumani, tangu zamani, miezi ya baada ya mavuno ndiyo miezi ya ngoma. Bagalu na Bagika hujinoa kwa bidii kabla ya kushindana, na kijana hufundishwa hatua moja mara mia mpaka mwili uzoee. Kule Bujora, karibu na Mwanza, sherehe ya Bulabo hufanyika mwezi huo huo wa Juni. Babu zetu walijua kwamba fundi hapatikani kwa mazoezi ya Jumapili peke yake.

Kinanda nacho ni hivyo hivyo. Wiki mbili za kujifunza kila siku huweza kumvusha mtoto mahali ambapo angekwama miezi mingi, kwa sababu kosa la jana linasahihishwa leo kabla halijawa mazoea. Tena anakutana na watoto wenzake wanaopenda anachopenda yeye, na hajioni tena kuwa mtu wa ajabu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Wapigaji wengi wa piano wanaosikika katika kumbi kubwa duniani walianza wakiwa na miaka mitano au sita, wakiwa na chombo nyumbani. Piano kamili ina vibonyezo 88, vizito kwa kidole. Vinanda vingi vya umeme makanisani mwetu vina 61, tena vyepesi. Mtoto wako huenda asifike kwenye kumbi hizo. Lakini anaweza kuwa mpigaji anayetegemewa na kwaya, au mwalimu. Kwa anayefaulu masomo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, hutoa shahada ya muziki, na Bagamoyo iko taasisi ya sanaa iliyoanza kama chuo mwaka 1981.

Mikono ni mali

Turudi machimboni. Mawe yakishasagwa, unga wake huchanganywa na zebaki ili ishike dhahabu, kisha zebaki huchomwa moto. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini huingia mwilini na kudhuru mishipa ya fahamu. Dalili mojawapo ni mikono kutetemeka. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, ya Geita yakiwamo, na zebaki ilitajwa humo kuwa hatari kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji ni mojawapo. Kwa hiyo, mama, hata kama mwanao hatagusa kinanda maisha yake yote, kumtoa huko ni kumwokoa.

Lakini hata kinanda kina kiasi chake. Leon Fleisher, mpigaji mashuhuri wa Marekani, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu pale vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipojikunja vikakataa kutii. Kwa miaka mingi alipiga kwa mkono wa kushoto, na kufundisha. Yeye mwenyewe alilaumu mazoezi ya kupita kiasi. Mtoto akilalamika kwamba kiganja kinauma au kinakufa ganzi, apumzike. Usimwambie avumilie.

Kabla hujamruhusu

Usimtoe mtoto kwa furaha tu. Mwendee mwalimu umwulize maneno haya:

Ni nani hasa atakayefundisha, na yeye alijifunza wapi?

Watoto wangapi watatumia kinanda kimoja? Wakiwa kumi, mwanao atakaa akitazama wenzake siku nzima.

Umeme ukikatika, watafanya nini? Mwalimu mzuri ana somo la nota na la kuimba tayari.

Watalala wapi, wasichana na wavulana mbalimbali? Mama yupi atalala nao? Je, unaweza kufika bila kutoa taarifa? Ukijibiwa kwa mzunguko, mbakize mtoto wako nyumbani.

Baada ya hizo wiki mbili, atafanyia mazoezi wapi? Hili ndilo kubwa. Mwombe mchungaji au padri ruhusa ya nusu saa tu kanisani, kila siku baada ya shule.

Na binti je? Wengi wetu humruhusu kaka yake, yeye akabaki na ndoo na kuni. Yafaa tukumbuke kwamba do-re-mi ambayo kwaya zetu nyingi huisoma ina asili yake kwa mwanamke, Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, aliyetafuta njia nyepesi ya kufundisha watoto kuimba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835. John Curwen aliitengeneza zaidi njia hiyo, nayo ikaenea hata ikatufikia sisi.

Wewe usiyejua nota usiseme huna la kufanya. Keti karibu naye ukichambua mchele, umsikilize. Mwulize, "Leo umefundishwa nini?" Mtoto anayesikilizwa hachoki upesi.

Yule mama wa Nyarugusu aliuza mbuzi. Kijana alirudi Jumamosi, na Jumapili akapiga wimbo mmoja kwa mikono miwili, polepole, akakosea mahali pawili, na kwaya ikamngojea. Ilipokaribia Desemba alimwuliza, "Mayu, nitakwenda tena?" Mama hakuwa na mbuzi mwingine. Aliwaeleza akina mama wenzake wa kikundi cha kukopeshana, nao wakamkopesha. Sasa analipa kidogo kidogo kwa maandazi ya asubuhi, na kijana ndiye anayeyauza kabla ya kwenda shule.

Basi akina mama wenzetu, tusingoje Juni ifike. Zungumza na baba watoto mapema, zungumza na mwalimu wa kwaya, wekeni akiba hata ya sabuni moja kwa wiki. Na leo jioni mwangalie mwanao: huenda naye ana benchi lake.